Kisa cha Kisa: Vichocheo vya Mwandishi wa Hadithi Fupi ya Kiswahili



1. Utangulizi

Neno "kisa" lina maana mbili katika Kiswahili. Kwa maana ya kwanza, kisa ni hadithi: bibi huwasimulia wajukuu kisa cha sungura na fisi, na abiria humsimulia mwenzake kisa cha jirani aliyeuziwa kiwanja chenye mwenyewe. Kwa maana ya pili, kisa ni sababu: mpita njia akikuta watu wanagombana huuliza, "Kisa nini?", naye hataki kusimuliwa ngano, anataka kujua chanzo cha ugomvi. Wenye lugha wameiweka hadithi pamoja na kilichoizaa katika neno moja, wala hawakuona haja ya kuvitenga.

Katika madarasa ya fasihi, maana ya kwanza ndiyo inayoshughulikiwa zaidi. Msuko huchambuliwa, wahusika huainishwa, mandhari hutajwa, dhamira huorodheshwa. Mhadhara huu unaielekea maana ya pili. Nini humfanya mwandishi aache shughuli zake, akae kitako na kuandika hadithi fupi? Na kwa nini iwe fupi, ilhali riwaya ingempa nafasi pana zaidi, na shairi lingempa heshima ya kale zaidi katika utamaduni wa Waswahili?

Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza husema kwamba mwandishi hushukiwa na ilhamu. La pili husema kwamba mwandishi ni mwalimu wa jamii, basi huandika ili aelimishe, aonye na aadilishe. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Ilhamu haielezi kwa nini wazo fulani limezaa hadithi ya kurasa kumi na lingine likazaa riwaya ya kurasa mia tatu. Nia ya kuelimisha nayo hutimizwa vilevile na hotuba, mawaidha na makala ya gazeti. Haielezi kwa nini mwalimu huyo aliona lazima abuni watu wasiokuwapo na kuwatia katika mashaka.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba hadithi fupi ya Kiswahili huzaliwa pale vitu vitatu vinapokutana: mwito unaotoka nje ya mwandishi, kero iliyomo ndani yake, na lugha yenyewe, ambayo aghalabu huwa imekwisha kuianza hadithi kabla mwandishi hajashika kalamu. Mwito wa nje si aibu kwa sanaa, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Hatari huja pale mwito mmoja unapobaki peke yake, nao ukawa unadai jibu kabla swali halijaulizwa.

2. Mwito kutoka nje

Gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923. Habari, barua za wasomaji, mashairi na hadithi zilikaa bega kwa bega katika kurasa zake. Nafasi ya gazeti ina mipaka, na msomaji wake ana shughuli nyingine za kutenda. Aliyetaka kusimulia gazetini ilimbidi ajifunze kukata maneno: kuanza karibu na tukio, kuwa na wahusika wachache, na kuachia mahali ambapo msomaji bado anataka kujua zaidi. Sifa ambazo leo hufundishwa kuwa ni sifa za utanzu wa hadithi fupi zilikuwa kwanza mahitaji ya ukurasa wa gazeti.

Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, iliyochapisha vitabu vya lugha za Afrika ya Mashariki na kuendesha mashindano ya uandishi. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alipata ushindi katika shindano la mwaka 1957-58 kwa mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale, uliotoka kitabuni mwaka 1960. Kazi hiyo ni riwaya, lakini njia aliyoipita mwandishi wake ina mengi ya kufundisha kuhusu vichocheo. Kabla ya ushindi huo alikuwa mkaguzi wa afya, kisha tangu mwaka 1948 akawa mhariri wa magazeti Zanzibar. Alikuwa mtu aliyezoea kuandika kwa tarehe maalumu, kwa wasomaji anaowafahamu, na katika nafasi aliyopimiwa. Shindano halikumpa akili ya Bwana Msa wala jicho la kuona yaliyofichika katika nyumba za watu. Lilimpa sababu ya kuyakusanya hayo na kuyakamilisha.

Redio nayo ilitoa mwito wake. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza mwaka 1957, na baadaye iliendesha mashindano ya hadithi fupi ambazo baadhi yake zilikusanywa vitabuni. Hadithi inayosomwa redioni ina masharti yake. Msikilizaji hawezi kurudi ukurasa wa nyuma kutazama jina la mhusika alilolisahau. Kwa hiyo majina huwa machache, mambo hufuatana kwa utaratibu unaosikika, na sauti ya msimulizi hubeba uzito mkubwa. Mwandishi wa redio alirudishwa, kwa njia ya mtambo wa kigeni, mahali alipokaa fanani wa ngano: mbele ya watu wanaosikiliza kwa kikao kimoja.

Hali hii haihusu Kiswahili peke yake. Mwandishi wa Kirusi Anton Chekhov, aliyezaliwa mwaka 1860 na kufariki mwaka 1904, alianza kuandika vichekesho vya magazetini tangu mwaka 1880 alipokuwa mwanafunzi wa udaktari, ili apate fedha za kuitunza familia yake. Magazeti hayo yalimpimia mistari. Mnamo Machi 1886 mwandishi mkongwe, Dmitry Grigorovich, alimwandikia barua ya kumsihi akiheshimu kipaji chake na kuacha kuandika kwa haraka. Barua hiyo hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyomzindua Chekhov. Hata hivyo, hadithi yake ya mwendesha gari la farasi aliyefiwa na mwanawe, akakosa mtu wa kumsikiliza hadi akamsimulia farasi wake, ilikwisha kutoka gazetini Januari ya mwaka huohuo, miezi miwili kabla ya barua. Hadithi hiyo, mojawapo ya hadithi bora za dunia, iliandikwa kwa ajili ya ukurasa wa gazeti, na mwandishi wake alikuwa akihitaji malipo.

Kwa hiyo mhakiki anayeudharau mwito wa nje hana budi kufikiri tena. Gazeti, shindano na redio humpa mwandishi vitu vitatu ambavyo peke yake angevipata kwa shida: kipimo, tarehe ya mwisho na msomaji. Kisa chenyewe haviwezi kumpa. Hicho lazima atoke nacho kwake.

3. Kero ya ndani

Kisa hiki cha ndani ni kigumu kukithibitisha. Waandishi wakiulizwa kwa nini wameandika, wengi hujibu kwa adabu inayomridhisha muulizaji. Ushahidi wa kutegemewa zaidi umo katika kazi zenyewe, hasa katika mambo ambayo mwandishi huyarudia bila kulazimishwa na mtu. Jambo linalorudi baada ya miaka mingi, katika kazi zilizoandikwa kwa nyakati tofauti, ni dalili ya kidonda ambacho hakijapona.

Said Ahmed Mohamed ni mfano unaofaa. Alizaliwa Pemba mwaka 1947, akaandika riwaya, tamthilia, mashairi na hadithi fupi, na katika Kunga za Nathari ya Kiswahili (1995) akazijadili kanuni za riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Mwandishi wa namna hii hawezi kusemwa kwamba anaandika hadithi fupi kwa kukosa pumzi ya kuandika riwaya. Mikusanyo yake, Si Shetani si Wazimu (1985), Sadiki Ukipenda (2002) na Arusi ya Buldoza na Hadithi Nyingine (2005), imeambatana na riwaya zake kwa miongo miwili. Akiwa na mlango wa riwaya wazi, alichagua kupitia huu mwembamba.

Sababu ya uchaguzi huo inaonekana katika "Tumbo Lisiloshiba", hadithi iliyoupa jina lake mkusanyo uliotoka mwaka 2016. Katika mtaa wa maskini wa Madongoporomoka, jitu linaingia katika mkahawa ambamo yumo Mzee Mago, linaagiza chakula na kukila chote. Kabla hadithi haijaisha, mabuldoza yanafika mtaani. Riwaya ingetakiwa kueleza ardhi ile ilipatikanaje, nani alitia saini karatasi zipi, na mahakama iliamua nini. Hadithi fupi inashika dakika moja tu: dakika ambayo wenyeji wanamtazama mgeni akila, huku wakianza kuelewa kwamba kinacholiwa kina ukubwa kuliko sahani. Kero ya namna hiyo haihitaji kurasa mia tatu, na ikipewa kurasa hizo hupoa.

Ikumbukwe pia kwamba buldoza lilikwisha kukaa katika jina la mkusanyo wa mwaka 2005. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mtambo uleule unanguruma tena. Hakuna mhariri aliyeweza kuamuru marejeo ya namna hiyo. Mwandishi amerudi penye jambo ambalo hakulimaliza mara ya kwanza.

Ken Walibora, aliyefariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020, anatoa mfano wa pili, na onyo pamoja nao. Hadithi yake "Damu Nyeusi", iliyotoka katika mkusanyo wa mwaka 2007 aliouhariri pamoja na Said Ahmed Mohamed, inamhusu Fikirini, mwanafunzi Mwafrika aliyeko Marekani. Anabaguliwa na Wazungu, kisha anatafuta faraja kwa watu wa rangi yake, na huko ndiko anakoporwa. Walibora mwenyewe alisoma shahada ya uzamivu Marekani, katika Ohio State University. Msomaji mwepesi husema mara moja kwamba Fikirini ni Walibora. Hitimisho hilo halina ithibati, na hata lingekuwa nayo lisingeeleza lolote la maana. Wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki wamekwenda Marekani na kurudi bila kuandika hadithi. Maisha humpa mwandishi malighafi. Kichocheo ni lile swali ambalo maisha yameliacha bila jibu. Katika hadithi hii swali lenyewe ni kama damu inatosha kuwa udugu. Fikirini anaingia na jibu la ndiyo, naye anatoka hana jibu.

Mhakiki wa Kimarekani Edgar Allan Poe alitoa hoja mwaka 1842 kwamba hadithi fupi inapaswa kusomeka kwa kikao kimoja na kuacha athari moja moyoni. Nadharia hiyo imefundishwa sana, mara nyingi kama sheria ya umbo. Inafaa isomwe vilevile kama maelezo ya kichocheo. Mwandishi huchagua ufupi anapokuwa na jambo moja ambalo halimwachi alale.

4. Lugha inayoanza kusimulia

Kichocheo cha tatu hakitajwi sana, nacho ni lugha. Kiswahili kinasema kwamba mtu "amekula rushwa", "amekula fedha za umma", "amekula kiapo", "amekula hasara". Mla rushwa hatafuni chochote, lakini lugha imekwisha kumtia mdomo na tumbo. Yatosha mwandishi aichukulie nahau hiyo kwa uzito wake wa awali, akamkalisha mlaji mezani na kumwachia ale kweli, na hadithi itakuwa imeanza.

Katika mkusanyo uleule wa Tumbo Lisiloshiba, hadithi ya Salma Omar Hamad, "Shibe Inatumaliza", nayo inahusu ulaji: karamu za wakubwa, na vyakula vinavyoliwa kwa gharama ya umma. Waandishi wawili wameingia katika taswira moja, kila mmoja kwa mlango wake. Katika hadithi ya kwanza mlaji anatazamwa na wanaonyang'anywa. Katika ya pili walaji wanatazamwa wakiwa ndani ya karamu yao, na shibe yenyewe inageuka kuwa maradhi. Haina haja kudai kwamba mmoja amemwiga mwenziwe. Wote wawili wamekunywa katika kisima kimoja, nacho ni nahau ya Kiswahili kuhusu madaraka na tumbo.

Jambo hili lina maana kwa mtafiti wa lugha kama lilivyo na maana kwa mtafiti wa fasihi. Methali, misemo na majina ya mitaa ni hadithi zilizofungwa. Jina la Madongoporomoka peke yake linasimulia udongo, ujenzi na kuanguka, kabla mhusika yeyote hajatamka neno. Mwandishi wa Kiswahili ambaye hasikii lugha yake ikisimulia atalazimika kutafuta visa mbali, na mara nyingi atarudi na visa vya watu wengine.

5. Mtihani na hatima ya kisa

Gazeti, shindano na redio vimepungukiwa nguvu kama milango ya hadithi fupi. Mlango ulio mpana zaidi kwa sasa ni shule, hasa nchini Kenya. Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine ilikuwa kitabu teule cha shule za sekondari. Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine ikafuata na kutahiniwa hadi mwaka 2022, kisha ikaja Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi orodha za vitabu teule vya sekondari zilijengwa juu ya riwaya, tamthilia na ushairi, na hadithi fupi ikabaki nje. Ndiyo maana si ajabu kwamba waandishi kadhaa wenye asili ya Zanzibar wamewafikia wasomaji wao wengi kupitia mikusanyo iliyochapishwa Nairobi.

Neema ya mlango huo haifai kubezwa. Hadithi iliyoteuliwa husomwa na vijana wa nchi nzima. "Mke Wangu" ya Muhammed Said Abdulla, inayomhusu mume aliyeoa msichana wa shamba akitumaini kumfinyanga apendavyo, iliwafikia vijana hao kupitia Damu Nyeusi, miaka mingi baada ya mwandishi wake kufariki mwaka 1991. Shule imeiokoa hadithi hiyo na usahaulifu.

Pamoja na hayo, mwito wa mtihani unatofautiana na mwito wa gazeti kwa jambo moja kubwa. Gazeti lilidai urefu. Mtihani unadai maudhui yanayohesabika. Mtahiniwa hupewa dondoo na kutakiwa kueleza muktadha wake, kutaja tamathali zilizotumika na kuorodhesha hoja, kila hoja kwa alama yake. Kando ya kitabu huuzwa mwongozo, na wako wanafunzi wanaousoma mwongozo wakaiacha hadithi. Msomaji wa namna hiyo hafikii dakika ile ya mkahawani. Anafikishiwa tangazo kwamba ufisadi ni mbaya, jambo alilolijua kabla hajafungua kitabu.

Hasara hiyo haiishii kwa msomaji. Mwandishi akijua kwamba mlango pekee uliobaki ni wa shule, huanza kuusikia mwongozo kabla hajaisikia hadithi. Hupanga maudhui yatakayotolewa alama, kisha huwatafutia wahusika wa kuyabeba. Mwisho wa hadithi hugeuka kuwa wasia. Kero iliyomsukuma, kama ilikuwapo, hujibiwa haraka ili isimsumbue mtahini. Kisa kwa maana ya hadithi hubaki. Kisa kwa maana ya sababu hutoweka, na msomaji makini huhisi pengo hilo hata asipoweza kulitaja.

Tuzo za miaka ya karibuni hazijaziba pengo hili kikamilifu. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imefungua njia muhimu kwa miswada mipya, lakini tuzo ya namna hiyo hupokea mswada wa kitabu kizima. Hadithi moja ya kurasa kumi, iliyoandikwa na mwalimu wa Ukerewe au muuguzi wa Lamu kwa sababu jambo fulani limemnyima usingizi, haina mahali pa kupelekwa.

6. Hitimisho

Mambo matatu yanafuata kutokana na hoja hizi. Kwanza, mwanafunzi wa fasihi aiulize kila hadithi fupi lile swali la mpita njia: "Kisa nini?" Aulize ni jambo gani ambalo mwandishi alishindwa kuliacha, na kwa nini lilitosha kurasa chache. Orodha ya dhamira inaweza kufuata baadaye. Ikitangulia, huziba sikio.

Pili, mtafiti afuate njia zote ambazo hadithi imepita kabla ya kuingia kitabuni. Historia ya hadithi fupi ya Kiswahili imelala katika majalada ya magazeti, katika kumbukumbu za mashindano na katika maktaba za redio. Maadamu majalada hayo hayajachambuliwa kwa utaratibu, utanzu huu utaendelea kuhukumiwa kwa mikusanyo michache ya shule, kana kwamba ulizaliwa darasani.

Tatu, vyuo vikuu na wachapishaji wanao uwezo wa kutoa mwito wa namna nyingine. Jarida la chuo linaloweka kurasa chache kwa hadithi mpya katika kila toleo, gazeti linalorudisha safu ya hadithi ya Jumapili, kituo cha redio kinachosoma hadithi moja kwa juma: hivi si vitu vya gharama kubwa, na historia imeonyesha kwamba viliwahi kuzaa waandishi. Vyote humpa mwandishi kipimo, tarehe na msomaji, kisha humwachia kisa chake.

Kero zipo, na lugha ingali inasimulia kila siku sokoni, bandarini na katika mabasi. Kinachopungua ni mahali pa kuzipeleka hadithi zisizokuwa na jibu tayari, na mahali hapo panaweza kutengenezwa na watu waliomo katika ukumbi huu.